Bomba Halitoi Maji

Mwalimu Maganga alimwekea Nyanjige daftari jipya juu ya meza ya maabara, akalifungua kwa kidole chake mwenyewe, kisha akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeweka sahani mbele ya mgonjwa.

"Andika taratibu. Jicho likichoka, pumzika."

Jicho lililobaki lilikuwa la kushoto. La kulia lilikuwa chini ya bandeji, na hospitalini walishasema asilitegemee tena. Alipoinama, ukingo wa meza ulimsogelea, kalamu ikakosa mstari.

Pembeni lilikuwepo daftari lake la zamani, limefunguliwa ukurasa wa praktiko ya Jumanne ile. Juu kabisa, kabla ya jaribio kuanza, alikuwa ameandika kama alivyofundishwa: Meza ya tatu. Miwani ya kujikinga: hatukupewa. Bomba: halitoi maji.

Aliyemfundisha ni huyo huyo Maganga. Tangu kidato cha pili alikuwa akiwaambia: andika ulichokiona, hata kama hukipendi. Ukikosea usifute, pitisha mstari mmoja, kosa libaki linasomeka. Wenzake walicheka. Nyanjige, binti wa Bujiku mkulima wa pamba kule Sapiwi, aliyashika maneno hayo kama alivyoishika njia ya kwao.

Mkuu wa shule alikuwa amekaa kwenye stuli ndefu, miguu yake haigusi chini vizuri.

"Wakaguzi wanakuja Alhamisi," alisema. "Miwani ishirini iko kabatini. Iko au haiko?"

"Iko, Mkuu." Ilikuwa nyuma ya kioo na kufuli, kila moja ndani ya nailoni yake.

"Basi ilikuwepo. Wewe ukaivua kwa sababu ya joto. Mtoto kuvua miwani ni jambo la kawaida, hakuna atakayekufokea."

"Na maji, Mkuu?"

"Maji gani?"

Nyanjige akamtazama mwalimu wake. Maganga alikuwa anapangusa neli ya kioo ambayo tayari ilikuwa safi.

Jumanne ile dawa ndani ya neli ilichemka, ikamrukia jichoni. Alikimbilia bombani, bomba likakohoa hewa. Aliyemshika mkono ni Mama Scola, mpishi. Alimvuta hadi jikoni, akamlaza chali kwenye benchi, akammwagia usoni ndoo nzima ya maji aliyoyateka kupikia maharage, kikombe baada ya kikombe, akimwambia, "Fumbua, mayu. Fumbua, mwanangu." Siku hiyo shule nzima ilikula saa kumi, na Mama Scola alitukanwa na kila aliyepita na sahani.

"Mama Scola alinimwagia maji yake," alisema Nyanjige.

"Ya jikoni yaache jikoni." Mkuu alishuka kwenye stuli. "Sikiliza, binti. Mtoto aliyevunja kanuni naweza kumtetea. Anayeichafua shule siwezi, huyo mtihani wa taifa ataufanyia kwao. Baba yako ameelewa. Alikuja jana, akatia dole gumba kwenye maelezo."

"Alikuja? Mbona hakuniona?"

"Aliwahi gari. Kuna mfuko wako getini."

Nje, darasa fulani lilikuwa linaimba jedwali la elementi.

"Mwalimu," alisema Nyanjige, "nikipitisha mstari mmoja tu? La zamani libaki linasomeka?"

Maganga alifungua kinywa. Mkuu akageuka kumtazama.

"Nakili upya, Nyanjige," alisema Maganga. Alisema kwa upole sana, akamshikia daftari lisiteleze.

Akaandika. Miwani: ilikuwepo, niliivua. Bomba: linatoa maji. Mwandiko ulipanda kilima. Mkuu akalikunja daftari la zamani, akaondoka nalo kwapani.

Getini mlinzi alimpa mfuko wa michembe, viazi vitamu vya kukausha, umefungwa kwa kipande cha khanga ya mama yake. Ujumbe haukuwepo. Bwaloni wasichana walisogea pembeni kumpisha, wakampisha mno, hadi benchi lote likawa lake. Akanyanyuka na sahani yake, akaenda jikoni.

Mama Scola alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza moto.

"Umekuja, mayu. Jicho linaendeleaje?"

"Linaendelea."

"Kuni zote mbichi leo. Afadhali Mkuu kaniletea karatasi, Mungu ambariki." Alikuwa anachana daftari kurasa mbili mbili, kwa uangalifu, zisiishe upesi. Darasani hakuwahi kuingia maishani mwake. Akauinua ukurasa mmoja kwenye mwanga wa mlango. "Tazama mwandiko mzuri huu! Unasemaje?"

Nyanjige akausogelea kwa jicho lake moja.

"Unasema bomba halitoi maji."

Mama Scola akacheka hadi akajifuta machozi ya moshi. "Hilo nalo ni la kuandika? Si kila mtu analijua!"

Akausukuma ukurasa chini ya sufuria, akasubiri ushike moto, kisha akamwongezea Nyanjige upawa wa pili wa maharage.