Meza ya Miaka Tisini

Ana miguu minne lakini hatembei, mgongo wake ni wa wageni, tumbo lake ni la watoto. Nani huyo?

Nilimtegea mjukuu wangu kitendawili hicho tukiwa njiani kwenda kwa muuza vitu vya kale. Akanijibu bila hata kunitazama, "Meza, Bibi. Na hicho umekitunga sasa hivi."

Kweli nilikuwa nimekitunga sasa hivi. Mjukuu wangu alikuwa ananunua meza ya sebuleni, ile fupi ya kuwekea vikombe mbele ya makochi, tena iwe ya kale. Jumamosi wenzake wa ofisini wangekuja kuiona nyumba yao mpya, na bosi wake ana meza ya kale, basi naye roho haitulii. Mimi alinichukua niwe mkaguzi. "Wewe mwenyewe ni wa kale, Bibi. Mtatambuana."

Nilicheka mpaka meno ya bandia yakanicheza. Lakini kazi hiyo naijua. Marehemu babu yake alikuwa seremala, na mimi ndiye niliyempigia msasa miaka yote, mpaka alama za vidole zikanifutika.

Tena nilikuwa na jambo langu. Mgongoni nilimbeba kitukuu changu, mtoto wa huyo huyo mjukuu. Ana miezi tisa, ana meno mawili, na tunamwita Mchwa kwa sababu hapiti penye ubao bila kuacha alama. Mama yake akienda kazini, mimi ndiye ninayebaki naye. Hiyo meza ndiyo angejifunzia kusimama, na ndiyo angeitafuna mchana kutwa. Kwa hiyo mama yake alikwenda kuchagua mgongo wa meza, na mimi nilikwenda kukagua tumbo.

Duka lilikuwa ghala refu, limejaa saa zilizokufa na makabati yenye vioo vilivyopofuka. Mwenyewe alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini. Mjukuu wangu alimwita Profesa, naye akavimba kwa furaha.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

"Marahaba, ingawa umri wetu unakaribiana. Tusizeeshane."

Akatuonyesha meza ya kwanza. Alisema ilitoka kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Juu inang'aa. Nikainama, nikapitisha mkono chini. Mungu anisamehe! Chingamu ngumu kama kokoto, makamasi yaliyokauka ya wagonjwa wa miaka na miaka, na kwenye kona mayai ya mende yamepangwa kama maharage. Niliutoa ule mkono nikaushika mbali, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Hiyo ndiyo historia yenyewe, mama," akasema Profesa.

"Historia ina kamasi?"

"Ya kweli inayo."

Kidogo nimpende kwa jibu hilo. Lakini mjukuu wangu alikuwa ameshasogea kwenye meza nyingine, nyeusi, nzito, imejaa vitundu vya wadudu, na mikono ameiweka kifuani kama mtu anayeposwa.

"Miaka tisini," akasema Profesa kwa sauti ya chini. "Ukoo mmoja tu."

Nilichomoa njiti kwenye ufagio uliokuwa kando, nikaichomeka kwenye kitundu. Ikaingia moja kwa moja mpaka mwisho. Nikajaribu kingine, ikaingia vile vile. Mdudu anayekula mbao hupinda pinda kama mlevi. Kitundu kilichonyooka ni cha keekee, chombo cha seremala cha kutobolea.

"Mdudu gani huyu anayetumia rula?"

"Wadudu wa zamani, mama, walikuwa na nidhamu."

Nikataka kucheka, lakini harufu ikanifikia. Ilikuwa ya banda la kuku lililonyeshewa, na ndani yake kitu kikali kinachopanda puani. Na kiganja kilikuwa kinanata. Nikamshusha Mchwa, nikampa mama yake, nikaomba maji ya kunawa.

Maji yalikuwa uani. Uani nikamkuta mke wa Profesa, amekunja mikono ya nguo, mbele yake meza nane zinazofanana kama mapacha. Alikuwa anazipaka uji wa kahawia kwa brashi, kutoka kwenye pipa. Juu ya pipa, nzi. Ndani ya pipa, Mungu wangu, kulikuwa na mapovu.

"Karibu, bibi!" akasema kwa furaha. "Hapa ndipo zinapozeekea."

"Ni nini hicho?"

"Mavi ya kuku, mkojo wa ng'ombe, na chai iliyochacha. Wiki tatu tu. Mume wangu anaziongezea miaka kwa mdomo, mimi naziongezea kwa brashi."

Sikunawa. Nilirudi mbio kwa magoti yangu haya.

Nikamkuta Mchwa amesimamishwa kwenye ile meza nyeusi, mama yake anampiga picha kwa simu. Mtoto amekaza meno yote mawili kwenye ukingo, anatafuna kwa bidii, udenda mweusi unamtiririka kidevuni.

Nilimnyanyua, nikamtia mdomoni kidole cha ule mkono usionata, nikatoa tonge jeusi lenye kipande cha unyoya.

"Bibi! Unanitia aibu!"

"Ni nta ya nyuki tu," akasema Profesa.

"Basi ilambe."

Akacheka.

"Sitanii, baba. Mtoto ameshakula. Wewe lamba mara moja tu, tutainunua."

Profesa akavua miwani ya machoni, akavaa ya utosini, akaitazama meza yake. Hakulamba. Hapo nikamwambia mjukuu wangu vyote vilivyomo kwenye lile pipa. Akamgeukia Profesa na kumuuliza taratibu, "Tukipaka vanishi mara mbili, harufu itakwisha?"

Lile pipa halikunitapisha. Swali hilo kidogo linitapishe.

Mchwa akaanza kulia. Mama yake akamchukua kwangu na, kama afanyavyo kila siku, akambusu mdomoni kumtuliza. Nikaona uso wake unabadilika. Alinipa mtoto, akaukimbilia mlango, na kifungua kinywa chote kikabaki kizingitini kwa Profesa.

Nilimkuta barabarani, kwenye bomba la jirani, anasukutua na kutema. Nikamwosha mtoto ulimi, fizi na mashavu, mama yake akimshika kichwa. Tulirudia mara tatu. Hata hivyo, Mchwa alipopiga chafya, ilinuka kuku.

"Bibi," mjukuu wangu akasema baadaye, sauti imekauka, "sasa Jumamosi vikombe wataviweka wapi?"

"Mkononi, mwanangu. Si ndiyo maana vina vishikio?"

Akatema tena.