Mawingu ya Urdvik

Kwa miaka ishirini na sita Oddlaug alikuwa kondakta wa treni inayoshuka kutoka stesheni ya Fonnhaug mlimani hadi kijiji cha Urdvik kando ya fjordi, ule mkono mwembamba wa bahari katikati ya milima, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwagiza aseme uongo. Ijumaa ile ya mwisho wa Januari aliagizwa na kaka yake mwenyewe, kwa simu, saa sita kasorobo, akiwa amesimama jukwaani huko juu na jua linampiga usoni mpaka machozi yanamtoka.

"Wamefika?" Sjur aliuliza.

"Treni ya Oslo imechelewa dakika nne. Watafika."

"Haya, sikiliza. Wakiuliza habari za jua, sema leo kuna mawingu."

Oddlaug akatazama juu. Mbingu ilikuwa bluu, safi, haina hata doa.

"Sjur, hakuna wingu hata moja."

"Huko kwenu juu. Huku chini nani atajua?"

"Kila mwenye shingo."

"We Oddlaug, usinianze. Tumekubaliana kijiji kizima, na wewe ulikuwepo." Akakata simu.

Kweli alikuwepo. Kusini mwa Urdvik kuna mlima unaoitwa Nipa, na Nipa hulificha jua tangu tarehe nane Novemba hadi tarehe kumi na moja Februari. Jambo hilo si siri. Ila watu wa Urdvik wana tabia moja inayoudhi: hawasemi uongo, wao huacha tu kusema, na wakishaacha kusema huona wametenda haki. Kumlalamikia Nipa ni aibu kwao. Ukimkuta mtu Desemba uso umemvimba kwa usingizi, ukamuuliza hali, atakwambia ni nzuri tu, kisha atakuuliza habari za kondoo.

Sasa shule ya kijiji ilikuwa na watoto kumi na mmoja, na wanne walikuwa wanamaliza mwezi wa Juni. Halmashauri ilishatamka kwamba ikifika Agosti watoto hawatimii tisa, shule inafungwa. Hesabu hiyo hata kondoo wangeiweza: walipungua wawili. Ndipo akatokea muuguzi mmoja, Tonje, aliyeomba kazi kwenye nyumba ya wazee ya Urdvik. Alikuwa na binti wa miaka tisa, Vilja, na mwanawe mdogo, Jostein, ambaye angeanza darasa la kwanza Agosti hiyo hiyo. Wawili kamili. Tonje alitaka kwanza kuja kuona mahali penyewe kwa siku mbili tatu, na Sjur, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, akampangia tarehe kumi na nne Februari, jua likiwa limerudi siku tatu kabla. Lakini zamu za Tonje zikabadilishwa kazini, naye akakata tiketi za wiki mbili mapema. Kamati ikaitisha mkutano wa dharura ukumbini. Kahawa ikanywewa, watu wakakohoa, na mwisho ikapitishwa kwamba patakuwa na mawingu.

Oddlaug alinyoosha mkono kama wengine. Mwanawe, Leiv, alikuwa amemwambia bila kuzunguka kwamba shule ikifungwa, yeye na mkewe wanahamia mjini Bergen, na Ragna wanakwenda naye. Ragna alikuwa na miaka saba. Alikuwa ndiye mjukuu pekee, na nyumba ya Oddlaug haikuwa na sauti nyingine ya mtu. Kwa hiyo aliyapigia kura mawingu, na angeyapigia tena.

Treni ya Oslo ikaingia. Tonje akashuka na watoto wake na mabegi mawili, mwanamke mrefu mwembamba mwenye kofia ya sufu ya kijani, akafumba macho na kuligeuzia jua uso wake. Alisimama hivyo kitambo, watu wakimpita. Oddlaug akamwacha.

Ndani ya behewa kulikuwa na watalii sita waliobandika simu zao kwenye vioo vya upande wa kushoto, na wenyeji wawili waliokaa mbali iwezekanavyo, kila mmoja na dirisha lake, kama desturi inavyotaka. Treni ikaondoka saa sita na dakika tano. Haikufika mbali. Kwenye handaki la pili upepo wa usiku ulikuwa umejaza theluji mlangoni, ikabidi gari la kulima theluji lipande kusafisha njia. Dakika ishirini, dereva alisema. Treni ikakaa pale juani, theluji inameremeta pande zote, na Tonje akamenya machungwa, akafungua themosi.

"Dada, karibu kahawa," alimwambia Oddlaug. "Umesimama tangu tuondoke."

Oddlaug akakaa ukingoni mwa kiti. Si kawaida yake, ila kumkatalia mtu kahawa angeweza vipi.

"Jua zuri hivi," Tonje alisema. "Ndilo lililotuhamisha kutoka kaskazini, unajua. Tulikaa miaka miwili kule juu kabisa, ambako halichomozi majira yote ya baridi. Mwaka wa kwanza nilijikaza. Wa pili nikashindwa kutoka kitandani. Mume wangu yuko mtambo wa mafuta, wiki mbili baharini, wiki nne nyumbani. Akiwa baharini, huyu," akamwonyesha Vilja kwa kidole, "alikuwa anajipakia mwenyewe mkate wa shule. Alikuwa na miaka saba tu. Anajipakia wake na wangu, wa kwangu ananiwekea kitandani."

"Nilikuwa naweka jibini," Vilja alisema.

"Ulikuwa unaweka jibini, mwanangu. Basi tukahamia karibu na Oslo. Jua lipo, lakini tunaishi ghorofa ya saba na watoto hawana wa kucheza naye. Nikachukua ramani. Nikaona Urdvik iko huku kusini, nikasema, hapo. Kijiji kidogo, watu wanajuana, na jua linatoka."

Oddlaug akaweka kikombe chini. Akashukuru, akainuka, akaanza kukagua tiketi upya.

"Umeshakagua," mtalii mmoja alimwambia.

"Nakagua tena," Oddlaug alijibu kwa ukali asioukusudia.

Njia ikafunguliwa. Treni ikaingia handakini, ikatoka, ikaingia lingine linalozunguka ndani ya mlima, na ilipotoka tena walikuwa upande wa bonde. Mwanga ulikuwa wa bluu, theluji imekuwa ya kijivu, na maporomoko ya maji yamening'inia mwambani yakiwa yameganda. Juu kabisa, vilele vilikuwa bado vinawaka. Watalii wakashusha pumzi kwa uzuri wake. Vilja akaangalia huku na huku.

"Jua limekwenda wapi?"

"Liko nyuma ya mlima," Oddlaug alisema. Hilo lilikuwa kweli.

"Litatoka saa ngapi?"

Oddlaug alikuwa na jibu tayari, la neno moja, lililopitishwa na ukumbi mzima. Akilini akamwona Ragna anafungiwa mkanda kwenye gari linaloelekea Bergen. Kisha akamwona mtoto huyu akiwa jikoni asubuhi, giza dirishani, anakata jibini. Akapiga moyo konde.

"Tarehe kumi na moja Februari," alisema. "Saa sita na dakika ishirini mchana. Litakaa dakika saba kwenye uwanja wa shule, halafu litaondoka. Kesho yake litakaa kidogo zaidi."

Vilja akacheka akidhani anataniwa. Tonje hakucheka.

"Tangu lini halipo?"

"Tangu tarehe nane Novemba. Kila mwaka."

"Nimeongea na yule Sjur mara tano. Nimemuuliza mpaka habari za mbwa wake."

"Ni kaka yangu. Tulikubaliana tuseme kuna mawingu. Na mimi nilinyoosha mkono."

"Yaani mlitaka kuniuzia mbuzi kwenye gunia."

"Ndiyo."

Tonje akafunga themosi taratibu. "Treni ya kurudi inaondoka saa ngapi?"

"Saa nane kamili. Hii hii."

"Basi tutarudi nayo."

Oddlaug akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwa abiria. Aliumia, wala hakujifichia kwamba anaumia. Alikuwa ameuza shule, na mjukuu wake pamoja nayo, kwa ajili ya mgeni aliyemjua saa moja. Tena angeulizwa leo hii, na kila mtu.

Jukwaani Urdvik walikuwa wamepanga mstari, bendera ndogo mikononi, sinia la mikate ya iliki limefunikwa kitambaa. Sjur akasonga mbele, tabasamu limemjaa.

"Karibuni sana! Bahati mbaya tu, leo mawingu."

Vilja akainua kichwa. Kijiji kizima nacho kikainua vichwa, kama kimeitwa. Mbingu juu ya fjordi ilikuwa bluu, safi kuliko nguo ya ubatizo.

"Yako wapi?" Vilja aliuliza.

Hapo akafika mzee Torleiv, aliyechelewa kwa sababu ya goti na asiyesikia vizuri. Akamshika Tonje mkono kwa mikono miwili. "Karibu, mama, karibu," alisema kwa sauti kubwa. "Mawingu leo."

"Acheni," Oddlaug alisema. "Sjur, acha. Nimeshawaambia."

"Umewaambia nini?"

"Tarehe."

Uso wa Sjur ukamshuka. Sinia la mikate likabaki hewani. Tonje aliwaangalia mmoja mmoja na bendera zao, akamwangalia na Torleiv ambaye bado hajamwachia mkono, akaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha kukubali chochote, kilimponyoka tu.

"Tuna dakika arobaini," alisema. "Watoto wanaona baridi. Nionyesheni basi hiyo shule."

Shule iko hatua mia mbili kutoka stesheni. Watoto walikuwa mapumziko, wanateleza mteremkoni juu ya vipande vya plastiki, na Ragna akamvuta Vilja kabla hajauliza hata jina lake. Jostein aliingia ndani na mama yake. Mwalimu Borghild, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alikuwa anafuta ubao.

"Nataka nijue kitu kimoja," Tonje alimwambia. "Miezi hii mitatu watoto wanakuwaje?"

"Wanazoea," Borghild alijibu. Kisha akamwona Oddlaug mlangoni, akaweka dasta chini. "Hapana. Januari wanakuwa wagumu. Wanagombana, wanasinzia mezani. Na mimi naingia stoo ya karatasi nalia, mara moja kwa wiki hivi."

"Borghild!" Sjur alisema.

"Alhamisi kwa kawaida."

Halafu Sjur, Sjur mwenyewe, mwenyekiti wa kamati, akavua kofia na kuizungusha mikononi. "Mimi silali bila taa kuwaka," alisema akiiangalia kofia. "Tangu mtoto."

Oddlaug alimtumbulia macho. Miaka sitini alikuwa dada yake, na hakulijua hilo.

"Marehemu mke wangu," Torleiv alisema, maana haya aliyasikia, "alikuwa anapanda na treni kila Jumatano. Anakaa ukutani pale Fonnhaug na kahawa yake, jua linampiga, anarudi na treni ya mchana. Ananiambia anakwenda kununua uzi. Nilikuwa najua. Huko juu hakuna duka la uzi."

Tonje alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni. "Watoto wana siku ya masomo ya nje?"

"Jumanne," Borghild alisema. "Kwenye banda la mashua."

"Kivulini."

"Kivulini."

"Na treni inayopanda juani kila asubuhi, ina abiria wangapi?"

Wote wakamgeukia Oddlaug. "Wawili," alisema. "Mmoja ni mimi."

Reli ilikuwa pale tangu babu zao, mlima ulikuwa pale tangu dunia, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuviweka vitu hivyo viwili pamoja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukubali mbele ya mwenzake kwamba ana shida. Oddlaug aliona aibu, na papo hapo akataka kucheka.

"Nitaiandikia halmashauri leo, watoto wapande na treni wakasomee juani," Sjur alisema.

"Andika Jumanne na Ijumaa," Tonje alimwambia. "Novemba mpaka Februari. Na iwe kwa maandishi, nimeshachoka na mazungumzo yako ya simu."

Oddlaug akatazama saa. "Dakika kumi na mbili," alisema polepole. "Kama mnarudi."

Tonje akainuka, akatoka kwenye korido ya shule kumchukua Jostein. Mtoto alikuwa ameshavua koti na kulitundika kwenye kulabu tupu iliyo mwisho wa safu, baada ya majina ya wengine.

"Kulabu hii ina mwenyewe?" aliuliza.

"Haina, tangu mwaka juzi," Borghild alisema.

Tonje aliinua mkono kulichukua lile koti, kisha akalinyoosha mabega tu na kuliacha. "Sjur, kile chumba mlichotuandalia bado kipo?"

"Kipo. Kimewashwa moto tangu jana."

"Basi tutalala. Nataka nione kunavyokuwa asubuhi." Akamgeukia Oddlaug. "Mwaka mmoja, dada. Nikipata hiyo barua, najaribu mwaka mmoja. Nikianza kushindwa kuamka, utaniona usoni, na utaniambia."

"Nitakwambia," Oddlaug alisema.

Akatoka nje haraka akifunga vifungo vya koti vibaya. Alikuwa analia na hakujali nani anaona. Mteremkoni Ragna alimwona, akateleza mpaka miguuni pake, theluji mpaka ndani ya kola.

"Bibi, yule Vilja anasema hataki kukaa mahali halafu rafiki ahame. Ameniuliza kama mwakani nitakuwepo." Akafuta pua kwa glavu. "Baba anasema hatujui. Nimwambie nini?"

Kule chini dereva alikuwa ameshapiga honi mara moja. Oddlaug aligeuka kuangalia dirisha la darasa. Sjur alikuwa ameinama mezani anaandika, na Tonje amesimama juu yake na kidole kwenye karatasi, anamsahihisha.

"Mwambie utakuwepo," alisema, akakimbilia treni yake.