Mwalimu Wetu Asiyefaa

Jumamosi ya kwanza ya Mei mwaka 1951, saa tatu asubuhi, Mwalimu Anselm Lugembe alisimama mbele ya meza ya Damas, karani wa ofisi ya elimu, akisoma karatasi aliyopewa. Karatasi ilikuwa na masharti mawili. La kwanza lilisema kwamba Mwafrika anayetaka cheti cha ualimu wa Kiingereza sharti awe amekifundisha miaka miwili juu ya darasa la sita. La pili lilisema kwamba juu ya darasa la sita Kiingereza kitafundishwa na Wazungu na wenye cheti hicho peke yao. Masharti hayo yalipigwa chapa kwa mashine moja, siku moja, moja chini ya jingine.

"Damas," Anselm alisema, "umewahi kuyasoma haya mawili pamoja?"

"Mimi nayapiga chapa tu. Kuyasoma ni kazi ya Bwana."

"Na Bwana huyasoma?"

"Bwana hutia sahihi." Damas aliinama kutafuta karatasi isiyokuwapo. Walikuwa wamekaa dawati moja misheni, na Damas ndiye aliyekuwa akinakili majibu.

Anselm alikuwa amekitaka cheti hicho kwa miaka sita. Alifundisha kilimo na hesabu katika shule ya kati karibu na Gongoni, na kupitia ukuta mwembamba wa darasa lake alimsikia Mzungu aliyefundisha Kiingereza akiwaamuru watoto wanakili ukurasa, kisha akifungua gazeti. Kila mwaka watoto wa chumba kile walianguka Kiingereza wakarudi kwenye jembe, na kila mwaka taarifa ilisema kwamba akili ya Mwafrika haijaiva kwa lugha hiyo. Taarifa ilipigwa chapa na Damas.

Alikunja karatasi akaenda Kwihara kwa miguu, ambako mke wake, Koleta, alikuwa aking'oa karanga. Alilipita tembe la zamani, akashika njia waliyoipita wapagazi wa pembe enzi za babu yake. Pale inapoteremka kwenda shambani, siku hiyo njia ilipanda. Ilipanda katikati ya misonobari, ikavuka daraja la mbao, ikaishia kwenye lango la shule. Hapo palikuwa Japani. Kulikuwa na baridi, na ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi.

Mlangoni alisimama mzee mwenye miwani na koti lililotiwa kiraka kwenye kiwiko. Anselm alimsalimu kama babu zake walivyomsalimu mtemi: aliinama, akapiga makofi mawili. Mzee aligeuka nyuma haraka kutazama ni mungu gani aliyekuwa amesimama pale, kwa sababu katika nchi ile makofi mawili hupigiwa miungu. Hakumwona yeyote. Akageuka tena, akainama na yeye, chini zaidi.

"Wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza?" aliuliza kwa Kiingereza cha kitabuni.

"Ndimi."

"Tuliomba tangu mwezi wa tatu. Tafadhali vua viatu."

Anselm alisita. Huko Tabora alikuwa akivua viatu kila alipoingia kwa Bwana Elimu, Mzungu mkuu wa ofisi ya elimu, na Bwana Elimu hakuwahi kuvua vyake. Kisha akaona kwamba mzee mwenyewe alikuwa na soksi tu, na kwamba ukutani palikuwa na viatu vya shule nzima, vya walimu na vya watoto, vimepangwa rafu moja. Akavua vyake akaviweka kando ya vya mwalimu mkuu. Mzee huyo aliitwa Ogawa.

Jioni ile Anselm alirudi kwa njia ileile na kumkuta Koleta akitwanga.

"Karanga zimeisha na wewe hujaonekana," Koleta alisema. "Ulikuwa wapi, Baba Elieza?"

"Japani. Nimepata kazi ya Kiingereza. Darasa la saba mpaka la tisa."

Koleta aliendelea kutwanga. "Wanakula nini huko?"

"Wali. Na samaki mbichi."

"Mbichi? Hawana kuni?"

"Kuni wanazo. Wanachemshia maji ya kuoga."

"Basi wamepotoka," Koleta alisema. "Wampike samaki, waoge baridi kama watu." Halafu akaweka mchi chini. "Miaka miwili?"

"Miaka miwili, nipate cheti. Kisha darasa lile la Gongoni nitalichukua mimi."

"Nenda. Ila Jumapili uwepo kanisani, nisije nikaanza kuitwa mjane."

Akaomba likizo bila mshahara, akahamia Japani. Alipanga chumba kwa Mama Sato, mjane mfupi aliyekuwa akipiga kelele za furaha kila Anselm alipogonga kichwa kwenye kizingiti cha juu, yaani kila asubuhi. Alijifunza kulala kwenye godoro linalokunjwa na kuingizwa kabatini. Alijifunza kujisafisha kwanza, ndipo aingie kwenye pipa la maji ya moto, kwa kuwa maji yale ni ya nyumba nzima. Theluji ilipoanguka aliandika nyumbani kwamba ni kama unga, ila haushibishi. Alistaajabu kidogo kuona watoto wakipiga deki darasa lao wenyewe, na mwalimu mkuu akisugua choo siku za Jumatano. Alifikiria jinsi ambavyo Tabora kazi hiyo ilikuwa adhabu.

Kila Jumapili alikuwa Tabora kwa misa ya pili. Hakuna aliyeuliza mengi. Watu wa Kwihara walizoea tangu zamani kwamba njia ile huenda mbali, na wanaume wao huenda nayo.

Siku moja Ogawa alimwambia, wakinywa chai, "Mwanangu alikufa Burma."

"Kaka yangu alikuwa Burma," Anselm alisema. "Askari wa Mwingereza."

Ogawa alizungusha kikombe mikononi. "Kaka yako yu hai?"

"Yu hai. Mguu mmoja."

"Vizuri. Msalimie." Akamwongezea chai mpaka kikombe kikafurika.

Watoto walikuwa ishirini na tisa. Anselm aliwafundisha kama alivyokuwa ametamani kufundisha kupitia ule ukuta kwa miaka sita: kwa kuwasimulia, kwa kuwauliza, kwa kuwaacha wakosee bila kuwapiga. Walipoanza kusema Kiingereza walikisema kwa lafudhi ya Tabora, kila neno likiishia kwa irabu ndogo, na hakuna aliyelalamika, kwa maana walielewana. Mwisho wa mwaka wa pili walifanya mtihani wa mkoa. Ishirini na saba walifaulu.

Mwaka wa kwanza, kila alipokuja mgeni, Ogawa alimtambulisha Anselm kwa sifa kubwakubwa: bingwa wa lugha, msomi mtukufu kutoka Afrika. Anselm aliona haya, akafurahi. Halafu alianza kutambua kwamba Mama Sato alimwita mwanawe, ambaye alikuwa daktari, "yule mjinga wangu," huku akimwita mwerevu mtoto wa jirani aliyeshindwa hata kuchunga kuku. Katika nchi ile mtu wa nje husifiwa. Mtu wa kwako hushushwa mbele ya wengine, kama unavyomwambia mgeni akaribie kibandani hata kama nyumba yako ni ya mabati. Mwezi wa kumi wa mwaka wa pili alikuja mkaguzi, na Ogawa akainama, akasema, "Na huyu ni mwalimu wetu asiyefaa, Anselm."

Anselm alipofika nyumbani alimkuta Mama Sato ameshasikia. Alikuwa amepika wali wa maharage mekundu, ambao hupikwa siku za harusi na siku mtoto anapofaulu.

Mei 1953 miaka miwili ilitimia. Ogawa aliandika barua kwa ofisi ya elimu ya Tabora kwa mkono wake, kwa wino wa brashi, akarudia mara nne mpaka herufi zikamridhisha. Barua ilisema:

"Mwalimu wetu Anselm hafai kitu. Kwa miaka miwili amewasumbua watoto wetu kwa ufundishaji wake duni, nao, kwa kuwa ni wajinga kama mwalimu mkuu wao, hawakuambulia lolote. Tunaona haya kumleta mbele ya macho yenu. Mtazameni kwa huruma."

Anselm aliisoma darajani akalia kwa furaha. Hakuna mtu aliyewahi kumwandikia jambo zuri kiasi kile. Alipofika Kwihara alimsomea Koleta, akamweleza maana yake. Koleta alielewa mara moja.

"Ni barua ya mzazi," alisema. "Lakini Mzungu ataisoma kama ilivyoandikwa."

"Nitamweleza."

"Utamweleza ukiwa umesimama bila viatu?"

Alimweleza akiwa amesimama bila viatu. Bwana Whitcombe, Bwana Elimu, alikuwa mtu mpole asiyepaza sauti. Hakuona ajabu kwamba njia ya Kwihara inafika Japani. Aliuliza tu kama gari linapita wakati wa masika, akaandika jibu. Kisha alisoma barua mara mbili.

"Mwajiri wako mwenyewe anasema hufai."

"Bwana, ni adabu yao. Ukiwa wao, wanakushusha. Hata sisi tunasema karibu ugali, ni mboga za majani tu, na kumbe tumechinja kuku."

"Kwa hiyo Wajapani ni waongo?"

"Hapana, Bwana. Tazama matokeo. Ishirini na saba kati ya ishirini na tisa."

Bwana Whitcombe aliyatazama matokeo kwa muda mrefu. Yalikuwa na mhuri mwekundu wa mkoa na hayakuweza kukanushwa. "Matokeo mazuri mno," alisema hatimaye. "Ni shule nzuri. Hawa watoto wanastahili mwalimu."

Anselm alifungua kinywa. Bwana Whitcombe alikuwa ameshachovya kalamu. Aliandika kwamba utumishi wa miaka miwili hauwezi kuhesabiwa kwa kuwa mwajiri ameukana, na kwamba nafasi ya Kiingereza iliyogunduliwa mwisho wa njia ya Kwihara itajazwa na Bwana Pelham. Huyu Bwana Pelham ndiye aliyekuwa akisoma gazeti nyuma ya ukuta. Na nafasi yake ya Gongoni, kwa kuwa ilikuwa juu ya darasa la sita, ingengoja Mzungu mwingine kutoka Uingereza. Watoto wangenakili kurasa peke yao.

Damas aliipiga chapa kabla ya saa sita.

Bwana Pelham aliondoka Jumatatu akiwa na mwavuli. Alilipita tembe, akafika pale njia inapoteremka, ikateremka. Alijikuta kwenye karanga za Koleta.

"Shikamoo, Bwana," Koleta alisema, bila kuinua mgongo. "Umepotea?"

Alijaribu Jumanne, na Jumatano alijaribu akiwa na dira. Alhamisi alirudi amejaa miiba hadi magotini, na ofisi ikatambua kwamba njia haipandi mpaka Anselm awe mbele. Bwana Whitcombe hakuona ugumu. Njia ile tangu zamani ilikuwa na wapagazi, na daftari la wapagazi lilikuwapo bado kabatini. Anselm aliitwa.

Angeweza kukataa. Alikaa na Koleta mlangoni jioni nzima, na Koleta alimtukana Bwana Whitcombe, akamtukana Damas, akautukana mwavuli. Halafu akauliza, "Wale watoto walijua kwamba hutarudi?"

"Hawakujua. Niliwaambia tutaonana wiki ijayo."

"Basi nenda ukawaage. Kisha uje unitazame usoni uniambie kama umeweza."

Ijumaa alikwenda, sanduku la Bwana Pelham likiwa kichwani, na njia ikapanda. Mlangoni Ogawa alimwona, akalitazama sanduku, akamtazama Bwana Pelham ambaye alikuwa ameshaingia na viatu mpaka katikati ya ukumbi. Ogawa aliinama kwa Bwana Pelham akamwita bingwa mkubwa wa lugha, msomi mtukufu kutoka Ulaya. Alitumia maneno mengi sana. Bwana Pelham alisema kwamba hatimaye amekutana na watu wanaojua thamani ya elimu.

Darasani watoto walisimama wote ishirini na tisa wakasema habari za asubuhi kwa Kiingereza, wakimtazama Anselm.

"Mungu wangu," Bwana Pelham alisema. "Lafudhi gani hii? Itabidi tuanze upya." Kisha akamwonyesha Anselm pa kuweka sanduku, akamwambia anaweza kungoja nje.

Alingoja nje. Kupitia ukuta wa karatasi aliwasikia watoto wakiamriwa wanakili ukurasa, kisha akasikia gazeti likifunguliwa. Ogawa alitoka akasimama kando yake. Saa ilipogonga, watoto walitoka wakamzunguka, naye hakuweza kuwaaga. Aliwaambia tutaonana wiki ijayo. Ilikuwa kweli.

Jumamosi asubuhi, huko ofisini, Damas alilisogeza daftari mezani pamoja na kibati cha wino.

"Dole gumba," alisema.

"Damas, nipe kalamu."

"Safu ya wapagazi ni ya dole."

"Unajua najua kuandika. Wewe ulinakili kwangu."

"Najua," Damas alisema. Hakuinua macho. "Bwana Pelham ameagiza vitabu vya sarufi, makasha manne. Vinaingia kwa treni Alhamisi."

Anselm alilisoma daftari kutoka juu mpaka chini. Jina, kabila, kazi, uzito wa mzigo. Aliusoma na mstari wake mwenyewe, akaona pale pa kazi pameandikwa "mpagazi". Kisha akachovya dole gumba, akaligandamiza, kwa nguvu, mpaka wino ukapita kwenye ukurasa wa pili.

"Vizito, hivyo vitabu," Damas alisema, akikausha ukurasa. "Njoo na ngata yako. Ofisi haitoi."