Mtetemo Uliokatika

Tangu asubuhi, vyombo vilivyofukiwa mlimani vilileta mitetemo midogo iliyofanana kama mapacha. Mtaalamu wa kituo cha kuchunguza maporomoko aliielewa: udongo ulikuwa unakwama, unateleza kidogo, unakwama tena palepale. Kufikia mchana mitetemo ilisogeleana hadi ikaungana, na kwenye skrini ukabaki mstari mmoja mnene.

Halafu mstari ukakatika.

"Mlima umetulia," mkuu wake alisema, akishusha pumzi. "Tusiwatie watu kiwewe. Mara mbili tumewahamisha bure."

"Au udongo haukwami tena, mkuu. Ukiteleza bila kukwama, vyombo havisikii kitu."

"Una uhakika?"

"Sina."

Chini ya mlima ule aliishi dada yake, fundi cherehani. Akampigia simu.

"Leo tena?" dada alicheka. "Wewe na mlima wako! Nina gauni la bibi harusi mezani."

"Dada, zile mara mbili nilikwambia najua. Leo sijui, naogopa tu. Toka! Gonga na milango ya jirani."

Kisha kiti kikaburuzwa, na sauti ya dada ikapaa: "Jamani, tokeni! Vukeni daraja!"

Mkuu alikuwa amesikia yote. Alinyanyua simu ya mezani. "Pigeni king'ora," akaamuru, kisha akamgeukia mtaalamu. "Nikifukuzwa, utanilisha wewe."

King'ora kilikuwa bado kinalia mstari ulipolipuka, ukajaza skrini nzima. Simu ya dada ikakatika. Mtaalamu alipiga tena na tena, haipatikani. Aliendelea kuangalia mawimbi yale kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya, na alijichukia kwa kuyaelewa.

Jioni mlango wa kituo ulifunguliwa. Dada alisimama pale, peku, tope hadi kiunoni. Walikumbatiana.

"Na wengine?"

"Wapo. Kinyozi amevunjika mkono. Nyumba ndiyo basi tena." Akaitazama skrini. "Nionyeshe."

Mdogo wake akasita, kisha akaweka kidole. "Hapa ilianguka sehemu ya juu. Hapa ikapungua kasi, karibu isimame. Halafu ikaporomokea upande wenu."

Dada aliinama, akapagusa pale mawimbi yalipopungua, padogo kama ukucha.

"Hapa tulikuwa bado darajani," alisema. "Sote."

Mkuu akamsogezea dada kiti.