Oili Chafu ya Kamanda

Jana mchana, nikiwa nimeshiba makande, nilijilaza kifudifudi kwenye mkeka barazani, kifua wazi, nikaota. Sikukusudia kuota. Nilikusudia kufikiri, maana mke wangu, Mama Flora, alishakata shauri: Jumamosi kaka yake anamchukua mbwa wangu Kamanda akalinde nguruwe Mvomero. Amechoka na mbwa anayejikuna kutwa kucha na kupukutisha manyoya mpaka kwenye mboga. Lakini Kamanda nimemlea kwa maziwa ya kijiko, hajafumbua macho. Akiondoka nitalia, tena mbele za watu.

Basi naota niko mgongoni mwa Kamanda, mdogo kama punje ya mtama. Manyoya yamebaki mafungu mafungu, ngozi nyekundu, kote kunanuka gereji. Mbele yangu viroboto watatu wanafunga virago.

"Shikamoo, mzee," wananiamkia.

"Marahaba. Mnahama?"

"Tunahama. Hapa hapakaliki. Jumatatu sabuni ya unga, Jumatano mafuta ya taa, Ijumaa oili chafu. Sisi tuna watoto."

"Si nyie mnaomwasha?"

Mkubwa wao ananitazama kwa huruma. "Mzee, sisi tuko watatu. Kazi yote hii tungeiweza wapi?"

Naona haya. Oili ile niliiomba mwenyewe kwa fundi pikipiki. Mama Flora aliniambia tangu mwanzo nimwite bwana mifugo, nikamjibu, "Bwana mifugo wa nini? Mimi nimefuga mbwa kabla yeye hajazaliwa." Na kweli nimefuga. Wote walikufa na vipara.

Mara siko mgongoni tena, niko kwenye benchi la ofisi. Bwana mifugo anaingia, naye ni mifugo kweli: fahali mwenye koti jeupe na gambuti nne.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Ni mbwa, daktari. Anawashwa."

"Mbwa nimeshamwona. Namuulizia mwenye ubishi."

"Ndiye mimi," nasema. Ningekuwa macho ningebisha.

Anafungua jalada, anasoma: "Mtu hujikuna ajipatapo. Kuanzia sasa, wewe hujipati."

Mikono yangu inafupika mpaka viwikoni. Papo hapo katikati ya mgongo panaanza kuwasha, lo, kama nimemwagiwa upupu! Nakimbilia ukutani nijisugue. Ukuta unasogea pembeni.

"Samahani," unasema, "nimetoka kupakwa rangi."

Kamanda anaingia kwa miguu miwili, kashika kopo na brashi.

"Kamanda, mwanangu, nikune!"

"Pole, baba. Lala kifudifudi nikupake oili chafu."

"Lakini daktari si huyu hapa?"

"Daktari wa nini? Mimi nimefuga watu kabla yeye hajazaliwa."

Ananikandamiza kwa goti, ananipaka.

"Inachoma!"

"Ikichoma ujue inafanya kazi," anasema kwa upole. Ni maneno yangu yale yale, na upole wangu ule ule. Nalia. Silii kwa maumivu peke yake. Nalia kwa sababu mimi nilipompaka, siku zote zile, hakuwahi kuning'ata.

Nikazinduka. Mama Flora kasimama na beseni la nguo.

"Baba Flora, nani kakukanyaga mgongoni?"

"Kwani vipi?"

"Una unyayo wa mbwa. Wa oili."

Nikageukia bandani. Kamanda yumo, kufuli limefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Ananitazama tu.

"Mama Flora, naomba namba ya bwana mifugo."

Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alikwenda ukutani akalitoa koti langu kwenye msumari. Namba ilikuwa pale nyuma yake, imeandikwa kwa mkaa tangu Pasaka.

"Na Jumamosi?" nikamuuliza.

"Akitibiwa akapona, Jumamosi kaka yangu atakuja kula, ataondoka mikono mitupu. Piga simu kwanza."

Nikapiga. Ikapokelewa na sauti nzito, nzito mno kwa mtu.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Nikamtazama Kamanda bandani.

"Tuko wawili, daktari."