Herufi Mbili Tu

Jana nililala na viatu miguuni kwa kiherehere cha uzinduzi, na niliyoyaota ni haya.

Niko studio. Mimi ndiye mtu wa sauti wa ile filamu ya bomoabomoa iliyozua maneno mjini kabla hata haijatoka. Mvua yake tuliimwaga kwa gari la maji, na damu ni juisi ya rosela. Lakini wapangaji ni wapangaji kweli, na Bi Siwatu anayewaongoza hakuigiza kitu, nyumba ni ile ile anayotakiwa kuhama. Leo jioni tunaionyesha ukutani kwake.

Anaingia Mkasi. Amevaa tai.

"Shikamoo," namwamkia, maana ana kutu.

"Marahaba. Wakubwa wameipitisha filamu yenu. Nakata herufi mbili tu."

Moyo unaniruka kwa furaha. Tulidhani wataipiga marufuku yote!

"Mbili tu? Kata, mzee wangu, kata!"

Kwenye kioo Bi Siwatu amesimama mbele ya tingatinga. "Hatutahama!" anapaza sauti.

Kwacha.

"Tutahama!" anasema Bi Siwatu, kisha anajiziba mdomo.

"Umesikia mwenyewe," tingatinga linaniambia kwa adabu. "Mama ameridhia." Linawasha injini.

Sasa si studio tena, ni uani kwa Bi Siwatu, na wapangaji wanatoa vyombo, kwa sababu kwenye filamu likishasemwa limesemwa. Naona aibu mpaka masikioni. Ruhusa nimeitoa mimi, kwa kinywa changu.

"Irudishe hiyo ha!" namfokea Mkasi.

"Iliyokatwa hairudi. Labda upate nyingine."

"Ya nani?"

Mkasi anautazama mdomo wangu.

"Zamda mwanangu, fanya hima," Bi Siwatu anasema. "Godoro langu limeshafika barabarani."

Najua kuna watu wazima wanaofikiri kwanza. Mimi naachama.

Kwacha. Haiumi, inatekenya.

"HATUTAHAMA!" anapaza sauti Bi Siwatu, na mabati ya mtaa mzima yanaitikia. Tingatinga linazima injini. "Samahani, mama, nilisikia vibaya," linasema, na kuondoka kinyumenyume. Godoro linarudi lenyewe, linapangusa miguu mlangoni. Narukaruka na masufuria, na Mkasi naye anacheza, tai begani.

Simu ikaniamsha. Alikuwa Shomari, mhariri wetu wa picha.

"Dada Zamda, uliingia studio? Ile 'ha' niliyoikata jana kama tulivyoamriwa, nimeikuta imerudi. Tena si sauti ya Bi Siwatu. Ni yako."

Nikafungua mdomo nimwambie hapana, mimi sijatoka kitandani.

"Pana," nikasema.