Soksi ya Pili

Catine alipanda mlima kama mtu anayefukuzwa. Mgongoni alibeba kapu la makombora, kilo thelathini nzima, na mikononi sindano za kufumia hazikutulia. Wanawake wote wa Karnia, milimani kaskazini mwa Italia, waliolipandishia jeshi mizigo walifuma njiani, lakini si kwa pupa namna ile.

"Shoga, taratibu!" Filomene alimwita kutoka nyuma. "Hayo makombora, si viazi. Ukianguka tutakuokota kwa kijiko."

"Tite wangu yuko kwenye theluji na soksi moja. Za jeshi zimeoza zote."

"Si wewe uliyempa moja?"

Ndiye yeye. Bondeni kwao, mume akisafiri, mke humpa soksi moja. Ya pili huiacha kwenye sindano, kidole wazi, ili imvute arudi. Ilifaa zamani, wanaume walipokwenda Austria kuwajengea watu nyumba. Sasa Waaustria hao hao waliwapiga mizinga kutoka ng'ambo, na theluji ilikuwa ikianguka kwa siku ya nne.

"Mimi mume wangu Svualt kesho anapata zote mbili," Filomene alisema, akifuma yake. "Mguu haujui miiko."

Catine aliongeza mwendo. Alikuwa akijichukia. Karibu na kilele alifunga kidole cha soksi na kuukata uzi kwa meno.

Tite alikuwa amelazwa kwenye machela, mlangoni mwa kibanda cha daktari. Upande wa kushoto blanketi lilikuwa limelala bapa kuanzia gotini.

"Nilikuwa nabadilisha," alisema kwa sauti ya chini. "Leo kulia, kesho kushoto. Huu ukaganda, ukachoka kungoja zamu."

Catine akapiga magoti, soksi mkononi. "Nimekuua mguu, mume wangu."

"Usilie. Wananirudisha nyumbani."

Nyumbani! Moyo wake uliruka kwa furaha, na furaha hiyo ikamwaibisha kuliko kosa lenyewe. Alimvisha soksi mpya kwenye mguu uliobaki.

Wanawake wanne waliinua machela. Mizinga iliwasindikiza hadi kwenye jiwe la kupumzikia, wakaitua. Filomene alikaa kando, akilitazama blanketi lililolala bapa. Kisha akatoa soksi za Svualt, akashika uzi wa moja, akaanza kuifumua.

"Unafanya nini?" Catine alishtuka. "Umeona mwenyewe yaliyompata Tite!"

"Nimeona," Filomene alisema, bila kuacha kuvuta. "Anarudi."